Meza Mbili Nyumbani kwa Elisheba

Elisheba alikuwa anachambua dengu uani wakati kaka yake Menahemu alipoingia bila kubisha hodi, na kabla hajatamka neno, alijua kuna jambo. Menahemu hakuwa mtu wa kutembelea watu asubuhi. Tena alikuwa anasokota ncha ya ndevu kwa kidole, kama alivyozoea tangu utotoni akiwa na jambo linalomkaba koo.

"Amani, dada."

"Amani, kaka. Kuna nini?"

"Kwani siwezi kuja kukusalimu?"

"Menahemu, sema. Dengu zinaningoja."

Akaketi kwenye ukingo wa kisima, akatazama mlango wa barabarani, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. Ndugu watatu walikuwa wamefika jana kutoka Yerusalemu. Mkubwa wao ni mzee aitwaye Yoezeri, mtu wa sala, anayefunga siku mbili kila juma. Jioni hii wangekuja kwenye mlo wa Bwana.

"Ndiyo habari ya kukufanya ung'oe ndevu? Nitaongeza maji kwenye chungu."

"Hawatakula na watu wa Mataifa, Elisheba."

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

Kwa miaka mitatu sasa, kila siku ya kwanza ya juma, watu wapatao thelathini walikula katika ua ule: Wayahudi wa mtaa wa Kerateio mjini Antiokia waliomwamini Masihi, na Wasiria na Wagiriki walioacha miungu yao wakamwamini yeye yuleyule. Chakula alipika Elisheba mwenyewe, kwa vyombo vyake. Hakuna Myahudi aliyewahi kulishwa najisi pale. Kilichokuwa kigeni ni watu tu, bega la aliyetahiriwa likigusana na bega la asiyetahiriwa, mikono ikikutana kwenye mkate mmoja.

"Kule Uyahudi mambo yameharibika," Menahemu alisema. "Kuna vijana wanatembea na majambia chini ya joho. Wakisikia fulani ni rafiki wa Mataifa, hawaulizi mara mbili. Na habari zetu za Antiokia zimewafikia. Ndugu zetu wanapigwa kule kwa ajili ya dengu zako, dada."

"Dengu zangu!"

"Unanielewa. Meza mbili. Sisi chumba cha ndani, wao hapa uani. Leo tu."

"Leo tu?"

"Mpaka wazee wapatane." Akasimama, akakung'uta joho. Mlangoni aligeuka. "Na ukumbuke Hilkia alikufa kwa ajili ya nini."

Hilo hakupaswa kulisema. Hilkia alikuwa mume wake. Miaka kumi iliyopita Wagiriki wa mjini waliingia Kerateio na mienge, wakawatoa wanaume barabarani, na mmoja akashika kipande cha nyama ya nguruwe akamwambia Hilkia ale, aende zake. Hilkia aliufumba mdomo wake. Elisheba aliyaona yote kutoka darini, na tangu siku hiyo Torati kwake ilikuwa kama nguo za marehemu, anazikunja vizuri, anazitia manukato, hamruhusu mtu kuzikanyaga. Alipoanza kuketi na watu wa Mataifa, alifanya hivyo kwa sababu aliona kwa macho yake mawili Roho wa Mungu akiwashukia palepale uani, wakilia na kusifu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameguswa na kisu cha tohara. Hakuthubutu kubishana na Mungu. Lakini kila juma, akiketi kati yao, kulikuwa na mlango mdogo moyoni ambapo Hilkia alisimama akimtazama.

Saa nane hivi Domnina alifika na kikapu cha vitunguu. Alikuwa mke wa Barates mchonga mawe, Msiria mnene mwenye kicheko cha kutisha njiwa, na ndiye aliyekuwa akimsaidia kupika tangu mwanzo.

"We Elisheba! Mbona umejikunyata kama kuku aliyelowa?"

"Kichwa kinanigonga tu."

"Kichwa au njaa? Hebu sogea, utaziunguza hizo." Alimpokonya mwiko, akaonja, akabana jicho moja. "Chumvi umemwachia nani? Barates akila hii atasema ni maji ya kuoshea patasi."

Elisheba alicheka kidogo. Hapo ndipo alipaswa kumwambia. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga vizuri: mwenzangu, leo tu, usinielewe vibaya. Aliyameza. Akakata vitunguu, akajifunza tena jinsi mtu anavyoweza kulia mbele ya rafiki yake bila kuulizwa kwa nini.

Jioni, watu walipojaa uani, Menahemu aliwapokea wageni kwa heshima zote. Yoezeri hakuwa kama Elisheba alivyomdhania. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, macho yake mapole, viatu vyake vimekwisha kwa safari. Alimshukuru kwa nyumba yake na kumwombea. Kisha Menahemu akakohoa akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba nafasi ya kupita, "Ndugu wa tohara, tuingie ndani."

Watu walitazamana. Mmoja akainuka, akafuatwa na mwingine, hawatazami kushoto wala kulia. Ua ukabaki na mapengo kama mdomo wa mzee. Domnina alikuwa ameshika bakuli kubwa, anawafuata nalo ili awagawie kama siku zote, na mmoja wa wageni akalipokea kwake kwa kitambaa, kwa adabu, bila kumgusa kidole.

"Nimefanya nini?" Domnina aliuliza. Alikuwa anamuuliza Elisheba.

"Hujafanya kitu. Ni leo tu."

"Wewe ulikuwa unajua."

Elisheba akaanza kupanga mikate upya.

"Tangu vitunguu, ulikuwa unajua?"

Barates, pande la mtu, mikono yake imejaa makovu ya mawe, alijaribu kuliokoa jambo kwa mzaha kama kawaida yake. "Waacheni jamani. Leo wakubwa wanakula chumbani, na sisi watoto huku nje. Angalau huku kuna upepo." Hakuna aliyecheka. Naye tabasamu likamkaukia usoni. Akasogea hadi mlango wa chumba, hakuvuka kizingiti, akasema, "Mzee wangu, samahani. Nifanye nini ili niketi humo?"

Yoezeri aliweka mkate chini. Elisheba alimwona anatafuta maneno, na hakukuwa na kiburi ndani yake hata kidogo.

"Mwanangu, umefanya vizuri kumwamini Masihi. Lakini Masihi ni wa Israeli, na mlango wa Israeli ni agano, na agano limo mwilini tangu kwa baba yetu Ibrahimu. Sikulitunga mimi. Usifanye haraka. Baada ya mavuno atakuja ndugu mmoja kutoka kwetu, fundi, mkono mwepesi. Nitakuandalia mwenyewe."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo Mungu ni mvumilivu."

"Naelewa," Barates alisema. Alirudi akaketi kando ya kisima. Mkate ulimegwa mara mbili jioni ile, mara moja ndani na mara moja nje, na Elisheba, aliyeketi ndani karibu na mlango, aliusikia wimbo wa nje ukianza kabla wa ndani haujaisha, ukagongana nao, ukanyamaza.

Leo tu ikawa juma la pili, kisha la tatu. Domnina hakuja tena kupika. Watu wa Mataifa walipungua, wakabaki tisa. Elisheba alipita sokoni akitafuta kile kicheko kati ya wauza samaki, na mara moja alikiona kisogo cha Domnina, akajificha nyuma ya mitungi ya mafuta mpaka kipite. Chakula kilimshinda. Alikagua vyombo mara tatu tatu, akaosha kilichooshwa. Kama mtu angemuuliza anaogopa nini, angesema hajui. Aliogopa kwamba Yoezeri yuko sahihi. Kisha, akigeukia upande wa pili, aliogopa kwamba hayuko sahihi.

Asubuhi ya Sabato ya nne, watu wakijiandaa kwenda sinagogi, mlango uligongwa kwa ngumi. Domnina alikuwa amesimama barabarani, kichwa wazi, mguu mmoja na kiatu.

"Barates anakufa."

"Nini?"

"Amekatwa. Alikwenda kwa kinyozi yule wa darajani, anayewatahiri wapagazi wa Kiarabu. Siku ya tatu ya juma. Kaniambia anakwenda machimboni kuchagua mawe, kumbe! Karudi anatembea kama bata, nikamcheka, Elisheba. Nilimcheka! Kaniambia, ngoja siku ya mlo utaona. Sasa anawaka moto, hanitambui, na pale pote pamevimba, panatoa..." Alifunika mdomo. "Wewe unajua vidonda hivi. Mama yako alikuwa anawahudumia watoto wenu. Sina mwingine."

Elisheba alikuwa ameshaanza kukusanya: mvinyo, mafuta, asali, bizari iliyosagwa, vitambaa vya kitani. Alipofunga furushi ndipo kivuli kilipoanguka mlangoni. Menahemu alikuwa amekuja kumchukua waende kusali.

Alimtazama Domnina, akatazama furushi.

"Unakwenda wapi na mzigo siku ya Sabato?"

"Kwa Barates. Yuko mahututi."

"Mtaa mzima uko barabarani saa hizi. Watakuona."

"Wanione. Baba alitufundisha, roho ya mtu ikiwa hatarini, Sabato inampisha."

"Roho ya mtu ndiyo, lakini roho ya..." Menahemu aliishia hapo. Aliyasikia maneno yake mwenyewe kabla hayajatoka, na uso wake ukabadilika rangi. Domnina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Malizia," Elisheba alisema.

Alisogea pembeni, na wanawake wakapita.

Waliuvuka mji wakikimbia nusu, wakitembea nusu. Katika Kerateio watu wenye mavazi meupe walisimama wakamtazama mjane wa Hilkia na furushi lake. Mwanamke mmoja alimwita kwa jina. Elisheba hakugeuka. Katika kila uso aliouona upande wa barabara aliuona uso mmoja tu, wa Hilkia.

Barates alilala kwenye godoro la majani katika chumba chenye harufu ya jiwe lililopasuliwa na nyama inayooza. Elisheba alipofunua shuka alijikaza asigeuze uso. Kinyozi alikuwa amekata kama anayechuna mbuzi. Elisheba aliosha kidonda kwa mvinyo, akakamua, akaosha tena, na lile jitu likanguruma likashika ukingo wa kitanda hadi ubao ukapasuka. Alipaka mafuta na asali. Alimwambia Domnina awashe moto, achemshe maji, na Domnina akawasha huku akilia. Mchana ulipita hivyo, kitambaa cha moto, kitambaa cha baridi, maji kwa kijiko, na kila baada ya muda mfupi Elisheba akiweka kiganja kwenye kile kifua kuhakikisha kinapanda na kushuka.

Jua lilikuwa linaelekea milimani Barates alipofumbua macho na kumtambua.

"Shemeji," alisema. Sauti ilikuwa kama ya mtoto. "Umekuja kwangu."

"Nimekuja. Usiongee."

"Nilitaka iwe siri. Siku ya mlo niingie tu, niketi, nione uso wa kaka yako." Akajaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Mzee alisema baada ya mavuno. Nikaona ni mbali. Domnina alikuwa analia kila siku akidhani simsikii." Alipumua. "Shemeji, nikifa leo, nakufa ndani au nje?"

Elisheba akaweka kitambaa chini. Alijua jibu la kumtuliza mgonjwa. Alijua pia jibu la Yoezeri. Na alijua kwamba mtu huyu hakuwa anataka kutulizwa. Alikuwa anauliza swali la haki, kama mtu anayeuliza njia, na mwenye kumwelekeza alikuwa ni yeye, mwanamke asiyejua kusoma, mwenye mikono inayonuka usaha.

"Ulikuwa ndani tangu siku ile ya kwanza," alisema. "Mungu alikuingiza kabla hatujajua jina lako. Mimi ndiye niliyekutoa. Niliogopa, nikakutoa."

Hakujua kama alikuwa anamsikia. Macho yake yalikuwa yameshafumbwa tena.

Homa haikushuka. Asubuhi iliyofuata, siku ya kwanza ya juma, Barates alikuwa anazungumza na marehemu baba yake kwa lugha ya jangwani ambayo hata Domnina hakuielewa vizuri. Elisheba alikuwa hajala tangu mlo wa kuamkia Sabato. Alikuwa akijiambia hana njaa, na ni kweli kwamba hofu ilikuwa imemshibisha, lakini alipoinuka kuchukua maji dunia ilizunguka, akaegemea ukuta.

Hapo mlango ukagongwa polepole, na akaingia Yoezeri.

Hakusita kizingitini. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mgonjwa, akapiga magoti kwa shida, akautazama ule uso uliochomwa na homa.

"Nilimwambia angoje," alisema. "Nilimwambia, sikumwambia?"

"Ulimwambia, mzee," Domnina alijibu. Alikuwa amekaa sakafuni na nywele zimetimka. "Ulimwambia angoje nje."

Yoezeri aliomba. Aliomba kwa muda mrefu, kwa machozi, akimtaja Barates kwa jina kama baba anayemwombea mtoto wake, na Elisheba hakuweza kumchukia ingawa alitaka sana. Alipomaliza, Domnina akamuuliza, kwa utulivu uliotisha kuliko kelele:

"Mzee wangu, ninauliza tu, mimi si msomi. Akipona huyu. Ameshakatwa, si ndiyo? Ataketi ndani sasa?"

Mzee alimtazama Barates. Angeweza kudanganya.

"Kuna mengine, binti yangu. Vyakula. Sabato na sikukuu. Nyumba hii itabidi itakaswe, na wewe pia utahitaji kufundishwa. Anayechukua nira ya Torati anaichukua yote. Siwezi kukuambia vingine, nitakuwa nakuibia."

"Na akikosea moja?"

"Anatubu. Anaanza tena."

"Kwa hiyo hatamaliza."

"Hakuna anayemaliza," Yoezeri alisema, na alipolisema alionekana amechoka mno, mchoko wa miaka, wa mtu aliyekesha mlangoni maisha yake yote akihofia mwizi. "Tunachofanya ni kushika tulichopewa. Ndugu, mimi nimewazika watu waliokubali kuuawa kuliko kuvunja hata kimoja. Niwaambie nini hao? Kwamba haikuwa lazima?"

Swali hilo halikumwendea Domnina. Yoezeri alikuwa anamtazama Elisheba, kana kwamba mtu amemsimulia habari za Hilkia. Bila shaka Menahemu.

Elisheba aliketi sakafuni. Alikuwa na kizunguzungu. Domnina aliona, akainuka kwa mazoea ya mwanamke mwenye nyumba, akapakua dengu kutoka chungu kilichokuwa jikoni, akammegea mkate, akamletea. Bakuli lilipofika mbele yake ndipo Domnina mwenyewe akagutuka, akalirudisha kifuani.

"Nisamehe. Chungu hiki... kabla hatujaamini nilikuwa napikia kila kitu humu. Unajua. Na mafuta ni ya sokoni. Nitakutafutia zabibu kwa jirani Myahudi."

Yoezeri alikuwa amepiga magoti bado. Kutoka godoroni ilisikika pumzi ya Barates, ikikwama, ikiendelea.

Elisheba alimwona Hilkia barabarani, mdomo umefumbwa. Alimwona wazi kuliko alivyomwona kwa miaka mingi, na kwa mara ya kwanza aliwatazama pia waliomzunguka, wale waliokuwa wameshika nyama, wakicheka. Wao walitaka kumtenga na Mungu wake. Huyu mwanamke aliyemjia na kiatu kimoja alitaka nini? Alitaka asianguke.

"Lete," alisema.

"Elisheba, si lazima."

"Najua si lazima. Lete."

Alibariki mkate kwa maneno aliyofundishwa na mama yake. Aliweka tonge mdomoni, akatafuna, akafikiri atatapika mbele yao wote. Alingoja. Akameza.

Yoezeri alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa mwiba. "Umekula, binti yangu."

"Nimekula."

"Mjane wa mtu yule."

"Nimekula, baba. Kama ni kosa, Mungu ananijua nilipo, atanipata hapahapa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sijaitupa Torati. Nitaishika mpaka nife, ni ya kwetu. Ila siwezi tena kuifanya mlango wa kumfungia mwenzangu. Masihi alinipokea mimi, na mimi si kwamba nilikuwa safi."

Mzee alijifunika uso kwa joho lake. Alikaa hivyo kitambo, mabega yanamtikisika, kama ni kwa kikohozi au kwa kilio hakuna aliyejua. Kisha akasimama, akaweka mkono juu ya paji la Barates, akatoka bila kuaga. Hakumlaani. Elisheba alikuwa amejiandaa kulaaniwa, na kwa kuwa haikutokea alibaki na ile hofu mikononi hana pa kuiweka. Akala tonge la pili.

Homa ilishuka siku ya tatu ya juma, mchana. Barates aliloa jasho hadi godoro likachuruzika, akaomba maji, halafu akaomba kujua nani amevunja kitanda chake. Domnina alimpiga kofi la bega, akamkumbatia, akampiga tena. Ilichukua miezi miwili kabla hajatembea bila fimbo, na mawe makubwa hakuyainua tena. Tangu hapo alichonga maandishi ya makaburi, kazi ya kukaa. Watu walipomtania kwamba sasa ni Myahudi wa darajani, alikuwa akijibu kwamba kinyozi alichukua pesa yake na ngozi yake, na Mungu hakuomba hata kimojawapo.

Yoezeri na wenzake walirudi Yerusalemu kabla ya mvua. Ndugu wa Antiokia waligawanyika. Wengine waliendelea kula kwa Menahemu, nyuma ya mlango uliofungwa. Wengine, Wayahudi sita na wote wa Mataifa waliobaki, walikula kwa Elisheba, meza moja, na vitunguu vilikatwa na Domnina. Kuna waliomwita Elisheba mwasi sokoni. Mwanamke aliyemwita kwa jina siku ile ya Sabato hakumwita tena. Elisheba aliendelea kuwasha taa zake kabla ya Sabato, hakugusa nguruwe, na asubuhi nyingine aliamka akijiuliza kama ameuza kitu ambacho hakikuwa chake.

Menahemu hakuzungumza naye muda wote wa baridi. Halafu siku moja ya mwezi wa Adari, baridi ilipokwisha, alasiri, alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Hakuingia. Aliketi nje, kwenye jiwe la kizingiti, mgongo kwa dada yake, kana kwamba anapumzika tu kutoka safari.

"Nasikia yule mchonga mawe anatembea."

"Anatembea."

"Vizuri." Akasokota ndevu. "Maneno yale niliyotaka kuyasema siku ile ya Sabato. Kuhusu roho yake. Yananirudia."

"Hukuyasema."

"Niliyafikiri." Mpita njia aliwasalimu, Menahemu akaitikia. "Dada, siku ile. Ulipokula. Ulijisikiaje?"

Elisheba aliweka kando alichokuwa anashona, akaja akaketi upande wa ndani wa kizingiti, hatua moja nyuma ya kaka yake.

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Siku nyingine sana."

"Basi kuna tofauti gani?" Sauti yake ilipanda. "Mimi naogopa huku, wewe unaogopa huko. Angalau mimi nina Torati mkononi."

"Sijui kukueleza, kaka. Zamani niliogopa peke yangu."

Uani Domnina alikuwa anamgombeza mtu kuhusu kuni mbichi. Menahemu alimsikiliza, kichwa ameinamisha kidogo. Elisheba alingoja ainuke aende, maana ilikuwa inakaribia saa ya mlo na watu wangeanza kufika, nao wangelazimika kumruka pale mlangoni. Hakuinuka. Wa kwanza alipofika, Mgiriki mmoja mfua nguo, Menahemu alivuta miguu yake pembeni ili apite, akamwitikia salamu, akabaki ameketi palepale.